Ndege anaugua, anapona, anaugua tena: riali 31 zangu zilikokwenda

Wiki hii tuache kidogo mambo ya makato ya kutuma pesa. Nataka tuongee kuhusu ndege. Kabla hujapita kusoma mengine nivumilie, maana ndege huyu amenila riali 31 bila mimi kujua, na mimi ndiye ninayewaambia nyie kila siku muandike matumizi.

Mwenzangu wa chumba hapa Ruwi mkataba wake uliisha, akarudi Mtwara. Aliniachia godoro, feni na kasuku mdogo wa kijani, hawa wenye mkia mrefu na mistari kichwani wanaouzwa kila duka la ndege huku Ghuba. Tulikuwa tunamwita Tajiri. Sikuwa mtu wa ndege. Ila ukitoka kazini saa mbili usiku, chumba kina watu wanne na kila mmoja anaangalia simu yake, halafu kuna kiumbe kimoja kinapiga kelele kwa sababu umeingia wewe, unabadilika taratibu. Mwezi wa pili nilikuwa namsalimia kabla ya kuvua viatu.

Mwezi wa kumi akaanza kuugua. Namkuta amefurisha manyoya kama mpira, macho nusu, ameshuka chini ya tundu badala ya kukaa kwenye kijiti. Anatapika mbegu, manyoya ya kichwani yanashikana. Siku ya tatu au ya nne anaamka mzima, anaimba, anakula. Wiki mbili au tatu zinapita, yaleyale. Yaani kama mtu mwenye homa za vipindi.

Chumbani kila mtu alikuwa na jibu lake. Dereva alisema ni kiyoyozi. Fundi wa marumaru akasema ndege amelogwa, huyu alikuwa anatania lakini siyo sana. Muuza duka akasema ni baridi, akanipa dawa ya matone ya kuweka kwenye maji, riali 3 na nusu. Nikaweka. Siku mbili baadaye Tajiri akapona. Nikasema, alhamdulillahi, dawa hii ni kiboko.

Hapo ndipo nilipoliwa. Ugonjwa unaokuja na kuondoka wenyewe unaifanya kila dawa ionekane imetibu. Mtu hanunui dawa siku ndege anaimba, ananunua siku amezidiwa kabisa, na siku mbaya kabisa kwa kawaida inafuatwa na siku yenye nafuu hata usipofanya kitu. Kwa hiyo matone yalipata sifa, nikayanunua mara tatu. Yalipoonekana yamechoka nikahamia vitamini, riali 4. Kisha unga wa kuchanganya kwenye maji, riali 5. Kisha mbegu "maalumu", riali 5 nyingine, ambazo nilipoziangalia vizuri zilikuwa mbegu zilezile kwenye mfuko wenye picha. Teksi za kwenda na kurudi, riali 6 na baisa 500.

Hakuna hata moja kati ya hizo niliyoandika. Kwenye daftari langu, mimi mhasibu mwenye digrii ya biashara, kulikuwa na chakula, kodi, simu, nauli, nyumbani, akiba. Ndege hakuwemo. Sikumweka kwa sababu niliona aibu. Matumizi unayoyaonea aibu hayana safu, na matumizi yasiyo na safu hayana mwisho.

Mwezi wa kwanza nilimpigia mama nikamwambia pesa imebana kidogo, nitapunguza riali 15. Akasema hamna shida mwanangu, Mungu atafungua. Mama anatumia dawa za presha. Mwisho wa mwezi nilikaa na risiti na jumbe za benki nikitafuta pesa ilibana wapi, nikazijumlisha za ndege tangu mwezi wa kumi. Riali 31. Ni kama dola 80, au laki mbili hivi za nyumbani. Sikulala vizuri.

Najua wengi hapa mtasema jibu lilikuwa wazi: achana na ndege. Nimeshaambiwa hivyo uso kwa uso. "Mama yako hana dawa, wewe unamtibu kasuku?" Swali ni zuri na sitalikwepa. Lakini riali 31 hazikupotea kwa sababu nilimtibu kasuku. Zilipotea kwa sababu sikumtibu. Nilikuwa nanunua kubahatisha, kidogo kidogo, na riali tatu tatu hazimuumi mtu mpaka azijumlishe. Tena ningeiandika tangu siku ya kwanza, mara ya tatu ningejiuliza kwa nini nanunua dawa ileile kwa ugonjwa uleule.

Kuna waliosema mfungulie aruke, utapata thawabu. Jamani. Asili ya ndege hawa ni Australia, na huyu alizaliwa kwenye tundu. Hajui kutafuta maji, ni mgonjwa, na Muscat kiangazi joto linapita digrii 40. Kumfungulia ni kumuua mahali ambapo huoni.

Wa tatu ndio wenye hoja ngumu: kasuku mpya ni riali chache tu, bei rahisi kuliko daktari. Kwa karatasi ni kweli, na mhasibu hawezi kubisha. Lakini ukimweka mpya kwenye tundu lilelile, na bakuli zilezile, na hujui wa kwanza aliumwa nini, umenunua ugonjwa uleule kwa mara ya pili. Na sitaficha, nilikuwa nimeshampenda. Mtu anayekaa miaka minne mbali na watoto wake ana haki ya kupenda kitu kilicho karibu. Mwingine anakunywa soda mbili kila siku, mwingine ananunua bando la mpira, hakuna anayewauliza kuhusu mama zao.

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilinunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja, riali 3. Nikatafuta kiboksi cha plastiki, namuweka ndani kila asubuhi kabla hajala, nasoma namba, naandika. Pembeni naandika kinyesi kikoje, kama kina mbegu nzima ambazo hazijasagika, kama ametapika, kama kuna kilichopikwa au kufukizwa chumbani, kama kiyoyozi kilimpiga moja kwa moja. Dakika tatu tu.

Kasuku wa aina hii mzima anakuwa na gramu 30 hadi 40 hivi. Tajiri alianza na 36. Baada ya wiki mbili 34. Halafu akaugua, akapona, akaimba, kila mtu akafurahi, na mizani ikasema 32. Hapo nikashika kidari chake, mfupa wa katikati ulikuwa umechongoka kama kisu. Kumbe hakuwahi kupona hata siku moja. Ndege wa kundi huficha ugonjwa, maana porini anayeonekana mnyonge ndiye anayeliwa. Siku alizokuwa anaimba alikuwa anaendelea kukonda chini ya manyoya. Na alikuwa anakula, tena sana, chakula kikawa hakimsaidii.

Daftari hilo nilimpelekea daktari wa wanyama. Nilimuonyesha kwanza namba, kabla sijamuonyesha ndege. Akauliza maswali mawili matatu, akachukua kinyesi kibichi, akakiangalia kwenye hadubini. Hakuona kitu. Zamani ningesema nimeibiwa nikaondoka. Akanieleza kwamba kuna fangasi fulani jamii ya hamira anayekaa kwenye tumbo la ndege, pale kabla ya firigisi, na hatoki kwenye kinyesi kila siku, kwa hiyo kipimo kimoja kisafi hakimaanishi hayupo. Zamani walimdhania ni bakteria mkubwa, na mpaka leo wafugaji wengi wanamwita kwa jina hilo la bakteria. Akaniambia nilete vinyesi vya siku kadhaa. Safari ya pili akamuona.

Sasa angalia. Ugonjwa ni fangasi. Matone niliyonunua mara tatu yalikuwa antibayotiki, ambayo haiui fangasi hata ukimuogesha nayo. Tena ndege mgonjwa hanywi maji vya kutosha, hivyo hata dawa sahihi ukiiweka kwenye maji hujui amepata kiasi gani. Alipewa dawa ya fangasi ya kutia mdomoni, asubuhi na jioni, wiki kadhaa bila kuruka. Kumuona daktari riali 10, vipimo viwili riali 8, dawa riali 6. Jumla 24. Kwingine bei zitakuwa tofauti, lakini kwangu mimi kujua kuliniigharimu pungufu ya kubahatisha.

Simaanishi kila kasuku anayeugua na kupona ana fangasi huyo. Ndiyo maana nasema ujue kwanza. Kuna wanaougua kwa sababu ya tundu lenyewe, waya uliopakwa zinki au madoido ya bei rahisi, ndege anatafuna kidogo kidogo na sumu inaingia kidogo kidogo. Kuna wanaolishwa mbegu tupu miaka yote bila mboga za majani, wanadhoofika. Parachichi ni sumu kwao, na sisi tunapenda kugawana tunachokula.

Halafu kuna moshi, na hili nataka hasa akina dada wa majumbani wanisikie. Pumzi ya ndege siyo kama yetu, inachota hewa kwa nguvu zaidi, na kilichomo kwenye hewa kinamfikia haraka. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wanashuka na ndege mgodini mpaka mwaka 1986, ndege akianguka wao wanakimbia. Sasa fikiria nyumba ya huku, Alhamisi jioni na Ijumaa, udi na ubani vinafukizwa kila chumba mpaka kwenye nguo. Dawa ya mende inapulizwa. Na lile kikaango lisiloshika chakula, ukilisahau tupu kwenye moto mkali linatoa hewa ambayo wewe huenda usiisikie hata harufu, na kasuku wa chumba cha pili anakufa ndani ya dakika chache.

Dada mmoja Mkenya anayefanya kazi ya kadama kwenye nyumba moja hapa mjini alinisimulia kisa chake. Ndege alikuwa wa mtoto wa bosi. Kila mara akiugua, madam anamwambia yeye ndiye hamlishi vizuri, na siku moja akatamka kwamba ndege akifa atakatwa mshahara. Dada wa watu akaanza kununua dawa kwa pesa yake kimyakimya ili lawama zisimpate. Riali 2, riali 3. Pesa ya ada ya mtoto wake Kilifi inaishia kwenye maji ya kasuku wa watu.

Nilimwambia asinunue tena hata tone. Ukinunua dawa kimyakimya ndege akafa, utaambiwa umemuua kwa dawa yako, na pesa yako imeondoka vilevile. Siku ile ile unayoona dalili ya kwanza, piga picha, mtumie madam kwenye simu na ujumbe mfupi wa heshima: "Madam, ndege leo hali, amekaa chini, naomba unielekeze." Basi. Tarehe na saa vinabaki kwenye simu. Akisema mpelekeni kwa daktari, gharama ni ya mwenye ndege. Akisema muache, ujumbe upo. Na andika siku. Yeye aliandika wiki tano, na mara nne kati ya hizo ndege alianza kupumua kwa shida Ijumaa au Jumamosi. Akamuomba madam kwa upole wahamishie tundu chumba ambacho hakifukizwi. Tundu likahamishwa. Aliniambia ndege ametulia na neno la mshahara halijarudi. Haikuwa rahisi kwake kusema, najua, mtu mwenye bosi mkali anapima kila sentensi. Lakini karatasi yenye tarehe inaongea bila kupandisha sauti.

Kwa wanaume wa kambini, nyie mnaolala sita au nane chumba kimoja na tundu limening'inia juu ya kitanda cha mtu, nina jambo la afya kabla ya pesa. Kuna ugonjwa wa kasuku unaoambukiza binadamu. Unaanza kama mafua makali: homa, kichwa, misuli kuuma, kikohozi kikavu, na unaweza kushuka kwenye mapafu. Ukipata homa na kikohozi na unalala na kasuku, mwambie daktari neno hilo, "naishi na ndege". Wengi hawasemi, daktari hana sababu ya kufikiria ndege, na ugonjwa unatibika kwa dawa ya kawaida ukijulikana mapema. Kinyesi kikavu msikifagie kikiwa vumbi, kilowesheni kwanza maji ndiyo mkifute. Siku za kulala kitandani bila mshahara ni ghali kuliko ndege mia.

Na kama ndege ni wa chumba kizima, basi awe wa chumba kizima. Nimeona kambi ambapo wote wanamfurahia, akiugua anabaki wa mmoja, yule mwenye huruma. Baisa 300 kila mtu kwa mwezi, watu wanane, inafika riali 2 na baisa 400, na kwa mwaka karibu riali 29. Mtunza mchango mmoja, daftari moja. Tunachanga msiba, tunachanga harusi za watu tusiowajua, hii haitushindi.

Kwa anayefuga peke yake ushauri wangu ni mmoja, na najua hautapendwa. Weka kikomo leo, wakati ndege ni mzima. Andika: kwa mwaka huu, huyu ndege nitamgharamia riali kadhaa, zikiisha namuomba daktari anisaidie asiteseke, siongezi. Kwa nini leo? Kwa sababu siku anatapika mikononi mwako huwezi kupanga bajeti, utatoa hata ya kodi. Kikomo changu ni riali 40 kwa mwaka. Nimeigawa safu yake kwenye daftari, kati ya simu na nauli, imeandikwa "Tajiri", na safu ya nyumbani imewekwa juu yake kwa makusudi. Pesa ya nyumbani inatoka kwanza, siku ya mshahara, kabla sijagusa kitu. Nikikosa ya ndege, namkosea ndege. Sitamkosea mama tena halafu nimwambie imebana.

Nilimpigia nikamweleza ukweli, kwamba zile riali 15 zilikwenda kwenye dawa za ndege, tena dawa zisizo zenyewe. Nilitegemea kusemwa. Alikaa kimya, kisha akaniuliza, "Sasa huyo ndege amepona?" Nikamwambia namtibu upya. Akasema, "Haya, na zangu utazileta lini?" Nilizituma siku tano baadaye, zote 15, na nikakatwa ada ya kutuma mara mbili kwa mwezi mmoja, adhabu ndogo niliyoistahili.

Tajiri alimaliza dawa na kufika gramu 36. Daktari alinionya kwamba fangasi huyo ana tabia ya kurudi, nisifunge daftari. Jumatatu iliyopita alisoma 35. Jana 34. Anaimba vizuri tu, mwenzangu dereva anasema sina kazi, ndege mzima namtafutia ugonjwa. Kinyesi cha siku tatu nimeshaweka kwenye kikopo, Alhamisi nikitoka kazini nampelekea daktari. Kwenye safu yake zimebaki riali 16. Mama naye Ijumaa aliuliza hali yake, nikamsomea namba.